Nasaha kwa Wenye Viti Vilivyochakaa

Barua zilizonifikia safari hii kutoka Ivuna na vijiji vya bonde la Rukwa, pamoja na nyingine zilizotiwa posta Vwawa, Mlowo na Tunduma, zimeafikiana katika jambo ambalo sikulitarajia: hazikuuliza habari za mapenzi, wala mirathi, wala jirani mwenye mbuzi wasiofungwa, bali zote zimeuliza habari za viti vya pikapu. Nilipozipitia tena niliona kuwa hapana ajabu. Gari ambalo kwingine limekwisha kuwa pambo la maonyesho, Ivuna lingali likichukua chumvi, mpunga na ufuta, na mtu anayekwenda Tunduma kwa kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa hukaa juu ya kiti chake muda mrefu kuliko akaavyo msikitini au kanisani; basi kiti kikiwa kibovu, ubovu wake huingia katika ndoa, katika ukwe na katika biashara, kama zitakavyoonyesha barua zenyewe, ambazo nimezifupisha kwa kuondoa matusi.

*Bwana Mshauri, mimi ni mchukuzi wa chumvi. Nina pikapu ya Landrova 109, Series III, niliyoinunua kwa mtu ambaye naye aliinunua kwa mtu. Siku moja nilimpakia mama mkwe wangu kumpeleka Tunduma kwa mwanawe. Tulipofika juu ya mlima aliniomba nisimamishe gari, akashuka bila kusema neno, na kitenge chake nyuma kilikuwa kimeraruka, maana kuna chuma kimetokeza katika kiti. Tangu siku ile haitikii salamu yangu, na mke wangu anasema nilifanya makusudi. Nimekwisha kutandika gunia juu ya kiti. Je, yatosha? Mwenye Ukwe Mashakani, Ivuna.*

Ndugu yangu, haitoshi. Gunia juu ya kiti kibovu ni sitara, si dawa. Chuma kilichomchoma mama mkwe kitalipenya gunia nalo, na siku hiyo utakuwa huna la kujitetea, maana mtu aliyeifunika ila hawezi tena kusema kuwa hakuijua. Ondoa gunia, kisha ukiondoe kikalio chenyewe, kazi ambayo katika gari lako aghalabu haihitaji hata spana, kwa kuwa waundaji wa Landrova, walioionyesha hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, waliikusudia kuwa chombo cha mkulima asiye na wasaa wa anasa, wakavifanya vikalio vya mbele kuwa mito mitatu iliyolazwa juu ya sanduku la bati, ambayo mtu huiinua kwa mikono yake na kuitia kwapani.

Kichukue kikalio hicho ukakilaze juu ya mkeka kivulini, uupasue mshono kwa wembe pole pole, uzi baada ya uzi, bila ya kuikata leza yenyewe, kwa sababu leza hiyo kuukuu, hata kama imechanika vipi, ndiyo patani utakayokatia mpya, na fundi anayekata kwa kukadiria macho hukushonea kiti cha gari la mtu mwingine. Ukikifunua utaona ndani yake tarehe nzima ya gari lako. Brian Fagan na J. E. Yellen, waliochimba mahali pa kale pa watengeneza chumvi hapo hapo Ivuna na kuchapisha habari zake mwaka 1968, walisoma vigae na majivu tabaka kwa tabaka, wakaonyesha kuwa wenyeji wa bonde walikuwa wakiuchuja udongo wa chumvi na kuyachemsha maji yake katika vyungu tangu yapata karne ya 13. Nawe utafanya kazi ya namna hiyo kwa ujira mdogo zaidi. Tabaka la juu litakuwa sponji ya godoro, imekwisha kuwa unga wa manjano. Chini yake gunia la mwenye gari aliyekutangulia, ambaye naye alikuwa na mama mkwe. Chini ya gunia utakuta springi ya kitanda iliyotiwa na fundi asiyejulikana, mwenye nia njema na vifaa vichache, nayo ndiyo iliyovunja amani ya nyumba yako. Na chini kabisa ubao uliooza pembe. Springi ile usiirudishe, hata ukiambiwa kuwa ni ya Uingereza.

Baada ya hapo angalia kutu, maana wewe si mchukuzi wa mahindi. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, na unyevu wenye chumvi hukila chuma upesi kuliko maji matupu. Wenye Landrova hujigamba kuwa bodi lao ni la aluminiamu, na ni kweli, lakini mahali aluminiamu inapogusana na chuma, kama vile penye bawaba za egemeo na penye skrubu za sanduku la viti, maji ya chumvi huzusha mkondo mdogo wa umeme baina ya metali hizo mbili, na inayoliwa huwa ni aluminiamu, ikageuka unga mweupe ambao wachukuzi wa Ivuna huupangusa kwa kiganja wakidhani ni mzigo uliomwagika. Osha sanduku lote kwa maji baridi mengi, liache likauke juani, usugue kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, upake rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na kila penye kukutana metali mbili uweke kipande cha tyubu kuukuu ili zisigusane. Kazi hii haionekani na mtu yeyote baada ya kiti kurudishwa mahali pake, na kwa sababu hiyo mafundi wengi huiruka, ilhali ndiyo inayoamua kama utarudi kwa fundi baada ya masika mawili au baada ya miaka kumi.

Kuhusu sponji, ambayo ndiyo kiini cha shauri lako, tafadhali usikubali kukatiwa kipande cha godoro. Godoro limetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyelala, ambaye uzito wake umetandazwa tangu kisogoni mpaka visiginoni. Mtu aliyeketi hukusanya uzito wake karibu wote mahali padogo, tena garini hurushwa juu na kurudishwa chini kwa kila korongo la njia. Sponji ya kiti cha gari yatakiwa iwe nzito, ya kilo 35 hadi 50 kwa mita moja ya ujazo, na muuzaji asipoijua hesabu hiyo, ilaze sponji yake juu ya meza, uikandamize kwa goti kwa uzito wako wote: goti likiisikia meza, mshukuru, uende duka la pili. Juu ya sponji ngumu waweza kuweka tabaka jembamba la sponji laini, kwa heshima ya wageni, lakini si kinyume chake. Kabla ya sponji za kikemia, ambazo asili yake ni kazi ya Mjerumani Otto Bayer na wenzake mwaka 1937, viti vya magari vilijazwa manyoya ya farasi na usumba wa nazi, na mpaka leo mwenye kupata usumba safi kutoka pwani akautandaza chini ya sponji, kiti chake hupitisha hewa na hakitunzi jasho. Ila toka Tanga mpaka Rukwa ni mbali, na sikulazimishi.

Linabaki vazi la juu. Mafundi watakushauri leza, na machoni leza ni nzuri. Lakini wewe unaanza safari bondeni, kando ya ziwa lililo kwenye kimo cha mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari, ambako kiti cha leza kilichoachwa juani humfanya mtu mzima aruke kama mtoto aliyekalia kaa la moto, na unaimaliza Tunduma, kwenye kimo kinachopita mita 1,500, ambako asubuhi za mwezi wa Juni leza hiyo hiyo huwa baridi kama kaburi. Rai yangu ni turubai la pamba, lile zito, lililoshonwa kwa uzi wa nailoni. Maana uzi wa pamba huoza kwa jasho na chumvi, mshono ukafumuka ilhali kitambaa kingali kizima. Turubai halina fahari, lakini hufuliwa.

Ama mama mkwe. Katika barua yako hukusema alikaa kiti kipi, na mimi nahofu kuwa alikaa cha katikati. Kiti hicho, ndugu yangu, mbele yake kimesimama kijiti cha gia, na ubavuni mwa hicho viko vijiti viwili vingine, kimoja chenye kichwa cha manjano na kimoja chenye kichwa chekundu, na dereva anayepanda mlima na mzigo wa chumvi hana budi kuvigusa kimoja baada ya kingine, huku akiomba radhi kila mara kwa yule ambaye adabu yataka hata macho asimkazie. Hapo hakuna fundi wa viti anayeweza kukusaidia. Kiti cha katikati akae mdogo wa mkeo, au gunia la ufuta. Mama mkwe apewe cha dirishani, baada ya kwisha matengenezo yote niliyoyataja, na mwaliko wa safari aupeleke mkeo, pamoja na doti ya kitenge iliyo bora kuliko ile iliyoraruka. Wewe usiseme lolote kuhusu kiti, wala usimwonyeshe jinsi kinavyobonyea.

*Shikamoo Mshauri. Nimepata siti mbili za gari dogo la Kijapani lililopata ajali. Zinalala ukivuta kijiti, na zina pa kuegemeza kichwa. Nataka kuzitia katika Landrova ya mjomba. Fundi wa kuchomelea amesema tutakata bati la sanduku, tutazichomelea hapo hapo, kazi ya saa moja. Wenzangu wa Nakonde watakoma. Kijana wa Mpakani, Tunduma.*

Marahaba. Kabla ya saa hiyo moja kuanza, mwombe fundi wako akiinue kikalio cha dereva na kifuniko kilicho chini yake, atazame kwa macho yake. Katika nyingi ya pikapu hizo tangi la mafuta limelazwa pale pale, chini ya kiti cha kulia, inchi chache kutoka mahali anapotaka kuwasha moto wake. Na asije akakwambia kuwa tangi ni tupu, kwa sababu tangi la petroli lililokwisha mafuta limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Watakaokoma, kwa hali hiyo, hawatakuwa watu wa Nakonde peke yao.

Hata hivyo sikukatazi kwa jumla, kama walivyozoea kukatazwa vijana wanaoandika katika safu hizi. Pa kuegemeza kichwa pana maana kubwa: Landrova za zamani zilitoka kiwandani bila ya kitu hicho, na barabara ya mpakani, penye misururu ya malori yangojayo kuvuka kuingia Zambia, ni mahali ambapo mtu aweza kugongwa kwa nyuma akiwa amesimama kwa amani, shingo yake ikarudi nyuma pasipo kizuizi. Zifunge siti zako kwa bolti, si kwa kuchomelea, ukiweka chini ya bati mabamba mapana ya chuma ili bolti zisilichane bati siku ya mshindo. Na tangi lishushwe kwanza kabla ya tundu lolote kutobolewa, hata kwa keekee. Mikanda ya usalama ifungwe mahali penye chuma imara, si kwenye siti, si kwenye bati la ukuta. Tena iwe mipya, maana mikanda iliyokwisha kumzuia mtu katika ajali imekwisha kunyooka na haifai mara ya pili. Pima pia kimo. Sanduku la viti la Landrova liko juu, siti ya Kijapani nayo ina kimo chake, na ukizibandika moja juu ya nyingine utajikuta unaitazama njia kwa kuinama, kichwa kikigonga paa. Na lile la kulala ukivuta kijiti, sijui una nia gani nalo wewe dereva. Ila mwulize kwanza mjomba, ambaye barua yako imemtaja mara moja tu, tena kwa haraka.

*Mheshimiwa, mimi ni mtumishi mstaafu. Marehemu baba yangu, aliyekuwa dereva katika kazi ya kupambana na nzige wekundu, aliniachia Landrova pikapu ya mwaka 1964 ikiwa na viti vyake vyeusi vya asili. Nimevifunika kwa nailoni, wala simruhusu mtu kuvikalia. Ninapoendesha hukaa juu ya mto wa sebuleni. Pamoja na uangalifu wote huo vimeanza kupasuka. Nitapata wapi leza ya asili ile ile? Mlinzi wa Amana, Vwawa.*

Shikamoo mzee wangu. Kazi aliyoifanya marehemu ilikuwa kazi ya heshima, kwa kuwa mbuga za Rukwa ni miongoni mwa mazalio makuu ya nzige wekundu, na chombo cha kimataifa cha kupambana nao, kilichoundwa mwaka 1949 na kukaa Abercorn, ambayo leo ni Mbala, kiliwazuia nzige wa bonde hilo wasije wakazila nchi za jirani. Mtu aliyekaa juu ya kiti kwa kazi hiyo hakuwa na mto wa sebuleni.

Naielewa hamu yako ya kuhifadhi, nawe waishi katika mkoa wenye mifano miwili ya uhifadhi isiyofanana hata kidogo. Tarehe 16 Desemba 1938 lilianguka Ivuna jiwe kutoka mbinguni, na kilichookotwa kilikuwa gramu 705 tu, lakini wanazuoni waliona kuwa limebeba vitu vya mwanzo kabisa wa jua na sayari zake kwa namna ambayo mawe machache mno duniani yamebeba, hata kundi zima la vimondo adimu likaitwa CI, na herufi ya pili ni ya Ivuna yenu. Na chembe zilizoletwa na chombo cha Kijapani Hayabusa2 kutoka sayari ndogo ya Ryugu mwezi wa Desemba 2020 zilipochunguzwa, zilionekana kuwa ndugu za jiwe hilo. Sehemu yake iliyonunuliwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London mwaka 2008 ilikuwa imetunzwa ndani ya hewa ya naitrojeni, ili unyevu wa dunia usiiguse. Ama kimondo kikubwa cha Mbozi, kile cha chuma chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, kimekaa nje, kinapigwa jua na mvua, watoto wa shule wanakipapasa na kukipigia picha, na heshima yake haijapungua. Wewe umechagua njia ya London, lakini bila ya naitrojeni. Nailoni yako huufungia unyevu ndani usitoke, wala haiizuii leza kukauka, kwa sababu leza ya namna hiyo hupasuka pale mafuta yanayoilainisha yanapoihama pole pole, na joto la jua la dirishani huyahimiza. Kukaliwa au kutokaliwa si hoja kubwa kwake.

Tena kuna jambo ambalo kwa taadhima yote sina budi kulitaja. Gari la mwaka 1964 ni la Series IIA, na viti vya kawaida vya magari hayo vilivikwa leza ya kijivu, yenye mikunjo iliyofananishwa na ngozi ya tembo. Weusi ulikuja kuwa rangi ya kawaida na Series III, iliyotoka mwaka 1971. Kwa hiyo hivyo vyeusi unavyovilinda yaelekea alivibadili marehemu mwenyewe, vile vya kijivu vilipomchakaa, na wala hakuviwekea nailoni. Vivue viti nguo hizo, uzikunje, uzitie sandukuni pamoja na picha zake. Kisha ushone nyingine za turubai, za rangi uipendayo wewe, uwapakie wajukuu.

*Mshauri, nashona viti hapa Mlowo kwa cherehani ya nyumbani. Leza inavunja sindano, na nikishona ikaisha, baada ya miezi michache inachanika sawasawa kwenye mstari wa mshono. Wateja wanasema nimewapa leza mbovu. Fundi, Mlowo.*

Fundi, leza haina kosa. Mishono yako ni mifupi mno, kama unashona gauni. Matundu yaliyosongamana huidhoofisha leza, ikakatika penyewe. Refusha mshono ufike milimita nne hivi, tia sindano nene, namba 18, punguza mwendo, na penye kona zilizorundikana tabaka nne acha cherehani, ushone kwa mkono kwa shazia. Na malipo ya awali uchukue kabla hujapasua mshono wa kwanza.

*Kwako Mshauri. Mume wangu ameuza ufuta wote wa mwaka huu. Pesa amezipeleka katika viti vya Landrova yake: sponji ngumu, turubai jipya, uzi wa nailoni, kila kitu. Nyumbani tuna viti vya mbao vitatu, kimoja hakina mguu, na wageni wanakalia ndoo. Nikisema, ananiambia gari ndilo linalotulisha. Nisaidie. Mama wa Nyumbani, Ivuna.*

Mama yangu, mumeo hasemi uongo, na sponji ngumu aliyoinunua ni dalili ya mtu anayesoma safu hii, kwa hiyo siwezi kumlaumu hadharani. Lakini rudi kwenye jawabu langu la kwanza, mahali nilipoeleza jinsi vikalio vya mbele vya gari hilo vilivyolazwa tu juu ya sanduku, vitatu, bila ya spana. Gari likirudi jioni, mtume kijana akaviinue, avipanguse vumbi la chumvi, avipange ukutani juu ya jamvi. Vinatosha wageni watatu, tena wanene. Alfajiri atakapotaka kuondoka kwenda Tunduma mumeo atavihitaji, na itambidi aingie ndani kuviomba. Usimkatalie. Mwambie tu aandike kwanza, kwa mkono wake, siku ambayo seremala atakuja.